Kuhesabu Maji Kabla ya Kushuka Mwambani

Wengi wanaotaka kutafuta visukuku chini ya majabali ya kisiwa cha Mombasa huchagua siku ya bamvua. Wanajua kwamba maji yakipwa sana, mwamba mwingi huachwa wazi. Mimi nikipanga matembezi ya vijana huchagua siku ya 12 au 13 ya mwezi mwandamo, kabla bamvua haijafika kileleni, na nitaeleza kwa nambari ni kwa nini.

Tuanze na kinachotafutwa, maana ndicho kinachoamua unahitaji maji ya namna gani. Jabali la upande wa bahari, kutoka Kizingo na Mama Ngina hadi chini ya ngome ya Fort Jesus, ni mwamba wa matumbawe uliokuwa hai miaka kama 125,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu ya kiwango cha leo kwa mita kadhaa. Bahari ilipoteremka, mwamba ukabaki juu. Mwanajiolojia J. A. Crame alichapisha mwaka 1980 uchunguzi wake wa jinsi aina za matumbawe zilivyofuatana katika miamba hii ya kale ya pwani ya Kenya, na mengi ya aina hiyo mtu huyaona kwa macho matupu: matumbawe ya duara yenye mikunjo kama ubongo, mengine ya matawi, na magamba ya chaza wakubwa yaliyoganda ndani ya jiwe. Anayetamani amonaiti amekosea mahali. Zile alizokusanya Johann Maria Hildebrandt karibu na Mombasa, ambazo Ernst Beyrich aliziandikia huko Berlin mwaka 1877, ni za enzi ya Jurasiki, na mawe ya enzi hiyo yako bara, pande za Changamwe.

Basi visukuku vya kisiwani vimo ndani ya jabali lenyewe na katika mapande yaliyoanguka miguuni pake. Havipo kule mbali kwenye ukingo wa mwamba wa leo. Hatuhitaji bahari ikauke yote, tunahitaji mguu wa jabali tu uwe mkavu kwa saa chache.

Jedwali la maji la bandari ya Kilindini, linalotolewa na Mamlaka ya Bandari za Kenya, lina vitu viwili kwa kila badiliko: saa na kimo kwa mita. Saa zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo 0830 ni saa mbili na nusu asubuhi, na ni vizuri mtu mmoja alisome na mwingine arudie kwa saa zetu kabla ya ratiba kuandikwa. Mombasa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Bamvua ikifika, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na zile kubwa za Machi na Septemba hukaribia mita 4. Siku za maji mafu tofauti hushuka hadi mita moja na kidogo.

Jedwali halisemi maji yatakuwa wapi katikati. Hapo mabaharia hutumia kanuni ya sehemu 12. Saa ya kwanza baada ya kupwa maji hupanda sehemu 1 ya tofauti nzima, saa ya pili sehemu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Ni makadirio, lakini yanatosha kwa kazi hii.

Sasa tuingie kwenye mlango. Naita mlango ile pembe ya jabali ambayo maji huifikia kabla hayajafika uliposimama wewe. Unaweza kuwa mahali pakavu kabisa, umeinama juu ya jiwe, na njia ya kurudi imekwisha kufungwa nyuma yako. Ndiyo sababu siku moja kabla nasimama juu, na jedwali mkononi, kutazama ni saa ngapi maji yanaigusa pembe hiyo, kisha naikokotoa saa hiyo iwe kimo. Tuseme nimepata mita 1.4.

Tuchukue siku ya 12 ya mwezi: maji yanapwa hadi 0.8, yatajaa hadi 3.2. Tofauti ni 2.4. Saa moja baada ya kupwa yamefika 1.0, saa mbili yamefika 1.4. Mlango umefungwa. Siku ya bamvua kubwa, maji kutoka 0.1 hadi 3.7, tofauti ni 3.6, na mlango hufungwa karibu saa mbili na nusu baada ya kupwa. Kwa hiyo ni kweli kwamba bamvua inakupa muda mrefu zaidi, karibu nusu saa ya ziada kila upande wa kupwa.

Lakini mtazame aliyechelewa. Akichelewa nusu saa siku ya 12, atakuta maji ya sentimita 30 mlangoni, chini ya goti la mtu mzima. Akichelewa nusu saa ile ile siku ya bamvua atakuta 45, na kila dakika kumi zinazofuata zinaongeza 15. Hapo bado hatujahesabu mawimbi wala mkondo, ambao una nguvu zaidi bamvua kwa kuwa maji mengi hupita mlango-bahari wa Kilindini kwa muda ule ule. Kwa mtoto, tofauti hiyo ndiyo ya kutembea na kubebwa. Nusu saa ya ziada siihitaji. Kuchelewa kwa mtu mmoja katika kundi la vijana nakutarajia daima.

Siku hiyo ya 12 au 13 ina faida nyingine. Bamvua ikiwa imekolea, maji hupwa mchana jua likiwa limepanda, yapata saa nne hadi saa tano. Siku mbili tatu kabla, hupwa karibu saa mbili na nusu au saa tatu. Tunashuka saa mbili kabla ya kupwa, maji yakiwa bado yanarudi nyuma, tunaenda moja kwa moja hadi mwisho wa mbali, kisha tunatafuta huku tukirejea kuelekea mlangoni. Maji yakifika mwisho wa kupwa, uso wa kila mtu uwe umeelekea njia ya kutokea. Saa moja baadaye hakuna anayebaki chini.

Hatari iliyo juu ya kichwa haimo katika jedwali lolote. Mawimbi yamelila jabali kwa chini, na sehemu ya juu imetokeza bila nguzo. Mvua za masika huingia kwenye nyufa na kulegeza mawe, kwa hiyo Aprili na Mei sipeleki mtu. Katikati ya kusi mawimbi huwa makubwa na kimo halisi huweza kuzidi kile cha jedwali. Januari hadi mwanzo wa Machi, kaskazi ikiwa imetulia, ndiyo miezi yangu. Hata hapo hatukai chini ya jiwe lililotokeza. Tunavaa viatu vya soli ngumu, kwani jiwe la matumbawe hukata nyayo kama wembe usioonekana, na daima mtu mmoja anabaki juu mwenye simu na orodha ya majina.

Nyundo haishuki nasi. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 inalinda visukuku, na kuvichimba au kuviondoa kunahitaji kibali. Tunashuka na kamera, daftari na sarafu ya shilingi kumi ya kuweka kando ya kisukuku ili ukubwa wake ujulikane.

Maji yanapopanda kwa kasi, katika saa ya tatu na ya nne, sisi tumo ndani ya Fort Jesus. Wareno walioianza mwaka 1593 waliisimamisha juu ya jabali hili hili, na handaki la upande wa nchi kavu walilichimba ndani ya jiwe. Humo matumbawe ya kale yanaonekana ukutani saa yoyote, maji yawe yamejaa au yamepwa. Mtu mwenye mtoto mdogo, au asiyeweza kutembea haraka juu ya mawe, na aanzie na kuishia hapo, kisha apite vichochoro vya Mji wa Kale, ambako kuta za nyumba zilizobanduka chokaa zinaonyesha mawe yale yale kwa karibu zaidi kuliko pwani. Kila picha iandikwe tarehe, mahali na saa. Ukikuta kitu ambacho si tumbawe wala gamba, mfupa kwa mfano, kiache kilipo na upeleke picha kwa maafisa wa makumbusho ndani ya ngome siku hiyo hiyo, kabla bamvua inayofuata haijakifikia.