Nahodha Aliandika Kwenye Gogo

Kitabu cha kwanza cha Kiingereza nilichosoma kwa hiari yangu hakikuwa na jalada. Nilikinunua Tanga mjini, kwa muuza vitabu vya mitumba aliyetandaza gunia lake kando ya barabara, na kurasa ishirini na kitu za mwanzo zilikuwa zimeng'oka, pengine zimeshafungiwa karanga. Nilikuwa kidato cha pili. Kama wenzangu wote wa shule za serikali, nilisomeshwa kila kitu kwa Kiswahili miaka saba, kisha nikaingia sekondari nikakuta Jiografia, Baiolojia na hata Hisabati zimebadili lugha usiku mmoja. Kiingereza changu kilitosha kuombea ruhusa ya kwenda chooni, basi.

Nikaanzia pale kitabu kilipoanzia. Kulikuwa na "ship". Kulikuwa na "crew" na "commander", na meli yao iliitwa Endeavour, na huyo mkubwa wao alikuwa hamwachi mdomoni Kapteni Cook, yule baharia wa Kiingereza wa karne ya 18. Nilifurahi. Mimi ni mtoto wa Pangani, habari za vyombo nimezikuta nyumbani. Nilisoma siku tatu nikiwa na hakika kwamba watu hawa wako baharini. Kilichonitia shaka ni kwamba hakuna aliyelowa.

Kumbe kilikuwa Rendezvous with Rama cha Arthur C. Clarke, kilichotoka mwaka 1973. Endeavour ilikuwa angani, na kilichokuwa mbele yake hakikuwa kisiwa bali pipa kubwa lenye urefu wa kilometa 50, lililoundwa na viumbe wasiojulikana, likiukatiza mfumo wetu wa jua mwaka 2131. Nilipoligundua hilo sikurudi nyuma kusoma upya. Niliendelea tu, kwa sababu maneno niliyokwisha kuyashika, "hull", "dock", "cargo", "crew", yalikuwa bado yanafanya kazi ile ile. Bahari ilikuwa imeondolewa chini yao, yenyewe hayajatikisika.

Kosa la maana zaidi lilikuja katika kitabu kilichofuata, pale nahodha mwingine wa angani alipomaliza zamu yake akaandika mambo ya siku hiyo kwenye "log". Neno hilo nililijua. Log ni gogo. Tulifundishwa kwa picha, mzee kakalia gogo, shoka pembeni. Nikaandika daftarini kwa mwandiko wa kujiamini: nahodha aliandika kwenye gogo. Nilijieleza kwamba huko angani karatasi zimekwisha.

Miaka mingi baadaye nikaja kujua kwamba sikuwa mbali. Zamani mabaharia wa Kiingereza walipima mwendo wa meli kwa kipande cha ubao, ndiyo "log" yenyewe, kilichofungwa kwenye kamba yenye mafundo. Ubao ukitupwa majini upande wa tezi ulitulia pale ulipoangukia, meli ikaendelea, kamba ikatiririka mkononi mwa baharia huku mwenzake akitazama chupa ya mchanga ya sekunde 28 au 30. Idadi ya mafundo yaliyopita ndiyo mwendo wa meli, na hadi leo mwendo wa meli na ndege unahesabiwa kwa "knots", mafundo. Kipimo kiliandikwa kitabuni, kitabu kikachukua jina la gogo, chombo cha angani kikarithi kitabu, kompyuta nayo ikarithi. Kila asubuhi maofisini watu wanalogini. Wanapanda gogo lile lile.

Huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu, na wenyewe una watu wawili. Yupo mwandishi wa hadithi za kisayansi, ambaye hulichukua neno la zamani akalipa kazi mpya bila kulivua nguo zake. Na yupo msomaji wa lugha ya pili, aliyekaa chini ya koroboi na daftari, anayelibishia hodi neno hilo hadi lifunguke.

Mwalimu wangu wa kwanza wa ufundi huo hakujua Kiingereza. Mjomba wangu alikuwa fundi wa mashua, na jioni nilimkuta ufukweni akikalafati, akishindilia pamba iliyolowa mafuta kwenye nyufa za mbao kwa patasi butu na nyundo, tek, tek, tek. Nilikaa mchangani nikamsimulia nilichosoma, pamoja na kile kisichoeleweka.

"Mjomba, wana chombo kinachokwenda bila upepo wala maji."

"Mshika usukani yupo?"

"Yupo."

"Na shehena, na mabaharia wa zamu?"

"Wapo."

"Hofu yao kubwa nini?"

Nikafikiri. Nikasema wanahofia "hull" itoboke, maana nje hakuna hewa na ndani ndiyo iliyopo.

Akanionyesha mashua yote kwa patasi, kuanzia omo hadi tezi. "Basi hiyo hali yako ni hii ninayoziba, mjomba. Sisi tunazuia kitu kisiingie, wao wanazuia kitu kisitoke." Akarudi kwenye pamba yake.

Niliandika maelezo hayo neno kwa neno, na sijakutana na kamusi iliyoeleza vizuri zaidi.

Tangu hapo nikaanza kuona kwamba lugha hizi mbili zilikwishapita njia moja bila kusalimiana. Kwetu sufuria ni chombo, jahazi ni chombo, na roketi imekuwa chombo cha angani. Kwa Kiingereza "vessel" ni bakuli, ni meli, na kwenye somo la Baiolojia tulikariri "blood vessel", mshipa wa damu, bila kuambiwa kwamba damu nayo inasafirishwa kwa chombo. Rubani wa pwani alikuwa mtu wa kuongoza jahazi kwenye miamba na kuliingiza bandarini. Ndege zilipokuja tukampandisha juu na jina lake. "Pilot" alipandishwa vivyo hivyo. Nilipokutana na "astronaut" nikaambiwa ni Kigiriki, nyota na baharia, nikacheka peke yangu: hata huyu ni wa majini.

Kuna sababu nyingine inayozifanya hadithi hizi kuwa shule nzuri, na hii sikuambiwa na mtu. Ukichukua riwaya ya kawaida ya Kiingereza, mwandishi anakuhesabu kuwa mtu wa nyumbani. Anataja "mantelpiece", anataja "hedge", anapita. Hakuelezi, kwa kuwa msomaji wake amezaliwa na vitu hivyo. Mimi wa Pangani nabaki mlangoni na kamusi, kila mstari nalipa kiingilio. Lakini kitu ambacho hakijawahi kuwapo duniani hakina mwenyeji. Mwandishi analazimika kukionyesha: kinashikwaje, kinatoa sauti gani, nani anakiogopa. Hapo mimi na Mwingereza tumekuwa wageni siku moja, kwenye mkeka mmoja.

Chukua "airlock". Mara ya kwanza nilivunja neno katikati: hewa, kufuli. Nikaamua ni kasiki ya kuhifadhia hewa. Mara ya pili nikaona watu wawili wanaingia ndani yake, nikasita. Watu hawaingii kasikini. Mara ya tatu nikatulia nikawatazama. Wanafunga mlango nyuma yao. Wanakagua kofia zao. Hewa inanyonywa taratibu, sauti zinafifia, mmoja anazungumza mwenzake hasikii tena ila kwa redio. Ndipo mlango wa mbele unafunguka na nje ni giza tupu. Nikafuta kasiki, nikaandika: chumba cha milango miwili isiyofunguka pamoja hata siku moja. Neno lile silisahau, kwa sababu nimeingia ndani yake na kutoka. Maneno niliyokaririshwa darasani kwa orodha, kumi kila Ijumaa, sikumbuki hata moja nililipataje.

Anthony Burgess aliugeuza mtego huu kuwa riwaya nzima. Katika A Clockwork Orange, mwaka 1962, vijana wake wahuni wanazungumza Kiingereza kilichochanganywa na maneno kama 200 aliyoyatohoa zaidi kutoka Kirusi. Rafiki ni "droog", maziwa ni "moloko". Hakutaka kitabu kiwe na faharasa ya maneno, ingawa toleo la Marekani liliongezewa. Kwenye kurasa tano za mwanzo msomaji wa London anapapasa gizani kama nilivyopapasa mimi, na akifika katikati anaelewa bila kujua alielewa lini. Huwa nawapa kitabu hicho wale wanaojua Kiingereza sana na kudhani kubahatisha neno ni uvivu. Waonje. (Kina ukatili mwingi, simpi mtoto.)

Kubahatisha kwenyewe kuna adabu zake. Daftari langu halikuwa na safu ya Kiingereza na safu ya Kiswahili. Nilipoliona neno niliandika ni nani alikuwa analitumia na alikuwa anafanya nini, kisha nikaandika dhana yangu kwa penseli. Likirudi mara ya pili nilirekebisha. Kamusi ilifunguliwa mara ya tatu, kwa kalamu ya wino, na furaha ya kukuta penseli na wino vinasema kitu kimoja sijui niifananishe na nini. Labda na kuvuta mshipi ukahisi uzito.

Yapo maneno ambayo penseli haikuyafikia kabisa, yakanilazimu kuchimba. "Robot" lilitoka katika tamthilia ya Karel Čapek wa Chekoslovakia, R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920. Ndugu yake Josef, aliyekuwa mchoraji, ndiye aliyempa neno hilo, na mzizi wake "robota" kwa Kicheki ni kazi ya kulazimishwa, ile wakulima waliyomfanyia bwana bila ujira. Kwa Kiswahili tunalo jina lake hasa: shokoa. Tumetohoa roboti tukaona inatosha, lakini nikisoma hadithi za Asimov siku hizi, na roboti zake zenye sheria tatu, mojawapo ya kumtii binadamu, nasikia shokoa kila ukurasa, na hadithi inakuwa nzito zaidi.

Au "cyberspace", neno alilolibuni William Gibson mwaka 1982 na kulieneza kwa riwaya yake Neuromancer ya mwaka 1984, aliyoiandika kwa taipureta. Ile "cyber" aliikuta kwa Norbert Wiener, mwanahisabati wa Marekani, ambaye mwaka 1947 alitaka jina la elimu ya uongozaji wa mashine na viumbe, akaliokota neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani. Neno hilo hilo lilipitia Kilatini likazaa "governor", nasi tukapata gavana. Kwa hiyo magavana 47 wa kaunti za Kenya ni mabaharia kwa jina. Kama wote wanajua kusoma upepo, waulizwe abiria wao.

Nisizisifu hadithi hizi kupita kiasi. Zilinipa lugha yenye mashimo. Katika mtihani mmoja wa insha nilimtumia rafiki wa kubuni ujumbe kwa "ansible". Neno nililipata kwa Ursula K. Le Guin, aliyelibuni mwaka 1966 kuwa jina la chombo cha mawasiliano yasiyosubiri mwendo wa nuru. Nilidhani kinauzwa madukani Ulaya. Mwalimu alilizungushia wino mwekundu, akaandika pembeni kwamba nisibuni maneno, nami niliona haya kumwambia kwamba si mimi niliyebuni. Na nilipopata kazi ya kwanza iliyonikutanisha na wageni niliweza kuzungumzia mzunguko wa satelaiti kwa nusu saa, lakini mezani sikujua upawa unaitwaje. Nikaunyooshea kidole.

Mjomba hakunicheka kwa hayo. Alichotaka kujua ni mwisho wa lile pipa. Nikamsimulia kwamba ndani yake kulikuwa na bahari, imejikunja kufuata ukuta, imeganda barafu, halafu chombo kilipokaribia jua barafu ikayeyuka na wale watu wakaunda chelezo wavuke. Chelezo wakakiita Resolution, jina la meli nyingine ya Cook.

Aliiweka chini nyundo. "Chombo chenye bahari tumboni?"

"Ndiyo."

"Huyo mwandishi anakaa pwani."

Nilimkatalia, nilijua ni Mwingereza, mtu wa sayansi. Lakini Clarke alihamia Sri Lanka mwaka 1956, alikuwa mzamiaji, na aliishi huko hadi alipofariki mwaka 2008, ng'ambo ya bahari yetu hii hii, kwenye pepo zile zile za kaskazi na kusi zinazoleta na kurudisha majahazi. Nilipolisoma hilo mjomba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Mwaka 2015 kilitoka kitabu cha Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, ambacho jina lake sikulitafuta popote. Kinaitwa Binti. Shujaa wake ni msichana wa Kihimba anayeondoka kwao kwenda chuo cha sayari nyingine, na chombo anachopanda ni kiumbe hai, jamaa ya kamba wa baharini, kinachoitwa Third Fish. Nilifurahi kufikiri kwamba mahali fulani Chicago kijana ameandika kwa penseli: "binti", halafu alama ya kuuliza.

Mwaka jana, Dar es Salaam, nilikiona kitabu changu cha kwanza kwenye meza ya vitabu chakavu, safari hii na jalada lake na zile kurasa za mwanzo. Nikamuuliza kijana muuzaji, kwa sauti ya mtu anayejua anachokitaka, bei ya hiyo Rendezivosi.

Akanitazama kwa huruma. "Randevuu, mzee. Ni Kifaransa. Miadi."

Nikalipa bila kuomba punguzo. Kisha nikaazima penseli yake.