Gurudumu Lililokosa Ndege

Chini ya mwarobaini, kando ya barabara mjini Shinyanga, fundi baiskeli ameipindua baiskeli ya Phoenix, imekalia tandiko na usukani. Anazungusha gurudumu polepole, jicho lake likiwa pale ringi inapopita karibu na breki. Gurudumu linayumba kidogo. Anakaza spoku moja robo mzunguko, analegeza ya upande wa pili, anazungusha tena. Kisha anazigusa kwa ukucha, moja baada ya nyingine, kama mtu anayelinganisha sauti za zeze. Iliyolegea hujitaja yenyewe.

Sidhani kama anamjua George Cayley, na hajapungukiwa kitu. Lakini kazi yake ilizaliwa na ndege ya injini ambayo haikuundwa.

Cayley alikuwa tajiri wa mashamba huko Yorkshire, Uingereza. Mwaka 1799 alichora kwenye kisahani cha fedha chombo chenye bawa tulivu, mkia, na makasia ya kukisukuma. Waliomtangulia, Leonardo da Vinci akiwemo, walihangaika zaidi na mabawa ya kupigapiga kama ya kunguru. Yeye akazitenga kazi mbili: bawa libebe, kingine kisukume. Hicho kingine ndicho kilichomshinda, maana injini za mvuke za enzi zake zilikuwa nzito kupita kiasi.

Basi akahangaikia uzito. Mwaka 1808, akitafuta magurudumu mepesi ya chombo chake, aliwaza kuondoa vijiti vinene vya gurudumu la mkokoteni na kuweka nyuzi zilizokazwa. Kijiti husukumwa na mzigo, uzi huvuta. Kitovu kinabaki katikati kwa sababu kinavutwa pande zote, na hakuna uzi unaobeba peke yake. Kwangu, wazo hili linayashinda mabawa yote ya kwenye karatasi.

Ndege yake ya injini ikabaki ndoto, gurudumu likaja kwetu. Shinyanga likawa daladala ya baiskeli, abiria kakaa nyuma kwenye kiti cha sponji. Geita likabeba viroba vya mawe ya dhahabu kutoka duarani, shimoni mwa wachimbaji, hadi kwenye karasha ya kuyasaga. Vijana wa bodaboda huwacheka waendesha baiskeli, wakati pikipiki zao nyingi zinatembelea nyuzi zilezile.

Fundi ameridhika. Anapiga pedali kwa kiganja, gurudumu linakimbia, spoku zinapotea na kuacha utando wa mwanga. Mwenye baiskeli anapapasa mfuko akitafuta noti. Fundi hamwangalii, anasikiliza gurudumu likizunguka hewani, halijagusa chini.