Kanga ya Mama Stefania

Jamani wenzangu wa kalamu, huku Kibondo na Kasulu tumecheza na watoto wa wakimbizi wa Burundi. Ukiuliza nduguze waliishia wapi mwaka 1972 au 1993, wazee wanageuza maneno: eti mahindi yameota? Basi someni kitabu La femme aux pieds nus (2008) cha Mnyarwanda Scholastique Mukasonga, aliyekimbilia Burundi 1973. Mamake, Stefania, aliwausia mabinti wamfunike akifa, maiti ya mama isionekane. Aliuawa 1994, binti yuko Ufaransa, nani amfunike? Wako watakaosema kitabu kimemvua mama nguo hadharani. Mimi nabisha. Mauaji hakuyaona, wala hajifanyi aliyaona. Anatupa mtama, nyumba ya nyasi, maficho mama aliyowatengenezea wanawe. Kanga yenyewe ndiyo hiyo. Ila jina la mama kalitaja, na hapo wazee wetu wangemkatalia.