Mnada Darasani: Uhuru wa Watumwa na Zoezi la Kujifanya

Swala la namna ya kufundisha matini zinazogusa majeraha ya historia halijapewa uzito unaostahili katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Aghalabu huachiwa wataalamu wa mbinu za ufundishaji. Hata hivyo, zoezi analopewa mwanafunzi ni aina ya usomaji, na usomaji huo una itikadi yake.

Uchukuliwe mfano wa insha: "Jifanye mfanyabiashara ya watumwa; mwandikie barua tajiri wako aliyeko Unguja." Au darasa zima huagizwa kuigiza mnada, mchezo ambao nchini Marekani umezusha malalamiko ya wazazi mara kadhaa. Watetezi wake hudai kwamba kujitia katika nafsi ya mwingine ndiyo kazi hasa ya fasihi. Hoja hii ina ukweli, ila haiulizi nafsi hiyo imeumbwa na nani.

Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela (1934) kinalidhihirisha tatizo hili. Mtunzi alikuwa mwana wa mateka aliyekombolewa, mtoto wa Freretown, makazi yaliyoanzishwa na Church Missionary Society karibu na Mombasa mnamo 1875. Katika usimulizi wake Mwarabu ni mkatili, Mwingereza ni mwokozi, naye mtumwa ni wa kuokolewa. Mwanafunzi akiambiwa ajifanye mmojawapo, hana pa kuchota ila katika usawiri huo huo. Atakayekuwa bwana ataokota msamiati wa bidhaa: bei, meno, misuli. Atakayekuwa mtumwa atalia, kisha atashukuru. Hakuna kati yao atakayeuliza kwa nini utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, fidia ilikwenda kwa mabwana. (Zoezi gumu zaidi, na la haki zaidi, lingekuwa kueleza kwa nini msimulizi wa Mbotela anashukuru kiasi kile.)

Fauka ya hayo, darasa la Mombasa au Lamu si ukumbi mtupu. Maneno mtwana, mjakazi na mzalia hayajahamia kamusini; yangali majumbani, na hunong'onwa panapoletwa posa. Mwalimu anayegawa sehemu za kuigiza huenda, pasi na kujua, akamtangazia mtoto nasaba ambayo wazee wake wameisitiri kwa miaka mingi. Mtoto huyo hajifanyi.

Abdulrazak Gurnah anafuata njia nyingine katika Paradise (1994), riwaya iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi (2022). Yusuf amewekwa rehani kwa deni la babake, lakini anamwita tajiri Aziz kwa neno la ujamaa, mpaka Khalil amwambiapo kwamba huyo si jamaa yake. Dhuluma imefichwa ndani ya neno la adabu. Msomaji hatakiwi kujifanya Yusuf. Anatakiwa kulisikia neno hilo likigeuka maana kinywani mwa kijana.

Ni kweli kwamba riwaya hiyo ni ndefu na nzito kwa kidato cha pili, ilhali Mbotela husomeka kwa wepesi. Basi asomwe Mbotela kwanza, kisha sura za mwanzo za Peponi, na insha iwe juu ya neno moja tu: bwana, na nani analitamka, wapi, na kwa sauti gani.