Nani Kasema Simu Yako Imezeeka?

Kuna aina moja ya uhakiki ambayo vijana wa Mombasa huifuata kuliko zote, na wala haihusu riwaya, filamu wala taarabu. Ni uhakiki wa simu. Kijana wa Magongo ambaye hajawahi kusoma uhakiki wa kitabu hadi mwisho anaweza kukueleza, bila kusita, tofauti ya kamera za simu mbili ambazo hajawahi kuzishika. Ametazama video kumi. Anajua chipu, anajua RAM, anajua betri inajaa kwa dakika ngapi. Kama uandishi wa aina hii ndio unaoamua pesa zetu zinakwenda wapi, basi ni haki nao uhakikiwe.

Nianze na sifa zake, maana anazo. Mhakiki mzuri wa simu ana ujasiri ambao wahakiki wetu wengi wa vitabu hawana. Aprili 2024, Marques Brownlee, Mmarekani anayehakiki vifaa kwenye YouTube, alisema Humane AI Pin ndicho kifaa kibaya zaidi alichowahi kukihakiki. Watu wakaanza kubishana kama mhakiki mmoja ana haki ya kuisema kampuni changa vibaya kiasi hicho. Sasa wewe niambie, ni mhakiki gani wa fasihi hapa kwetu aliyewahi kuogopwa hivyo?

Lakini tazama umbo la hakiki zenyewe. Zinaanza boksi likifunguliwa. Plastiki inabanduliwa polepole, kamera inajaribiwa, michezo inachezwa, kisha hukumu inatolewa baada ya wiki moja au mbili. Ni kama kuhakiki ndoa ukiwa bado ukumbini, pilau haijapoa. Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Uhakiki wa simu unakaa kwenye kinyemi na kuondoka kabla kidonda hakijaanza kuuma.

Msomaji naye ana swali jingine kabisa. Hana simu mbili mpya za kulinganisha. Ana simu moja ya mwaka wa tano, kioo kina ufa pembeni, chaji inaisha saa nane mchana, na kila akitaka kupiga picha inamwambia nafasi imejaa. Au ana laptopu inayowaka kwa dakika saba. Anataka kujua: nibadilishe au nikae nayo? Pesa hizo zingeweza kuwa kodi ya nyumba, karo ya kozi, au bidhaa za kuanzia biashara. Mhakiki hamjui mtu huyu, na simu yake hajaigusa tangu siku aliyoitoa kwenye boksi.

Pengo hili tumelijaza kwa lugha, na lugha yenyewe imetupotosha. Tunasema simu imechoka. Imezeeka. Imekufa. Tunaizungumzia kama mwili wa babu, kana kwamba kuzeeka kwake ni jambo la Mungu na hakuna wa kuulizwa. Lakini historia yetu wenyewe inasema vingine. Mwisho wa Septemba 2012, Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza simu bandia zizimwe, na zaidi ya simu milioni moja zikatoka hewani. Zilikuwa nzima jioni, na kufikia asubuhi zimekuwa saa za mezani. Mwaka wa 2015 ikawa zamu ya televisheni: matangazo ya analojia yalizimwa, na televisheni isiyo na kasoro yoyote ikawa haionyeshi kitu mpaka ununue king'amuzi. Tarehe 1 Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Android 4.4, na mwezi wa Mei ikaziacha iPhone 5s na 6. Tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo Microsoft ikakoma kutoa masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10.

Katika visa vyote hivyo hakuna kifaa kilichozeeka. Vilistaafishwa. Kila mara kulikuwa na mtu mahali fulani aliyetia saini, na baadhi yao walikuwa na sababu nzuri. Ndio maana kabla ya kuuliza kama simu imezeeka inafaa kuuliza nani kasema. Nikitazama ninaona wasemaji watatu, na kila mmoja anastahili jibu lake.

Wa kwanza ni mwili wa simu wenyewe. Huyu husema kweli, lakini husema kidogo kuliko tunavyomsikia. Betri za lithiamu huchakaa kwa kuchajiwa, na joto huziharakisha. Apple yenyewe inashauri simu zake zitumike mahali pasipozidi nyuzijoto 35. Sasa fikiria simu iliyofungwa kwenye usukani wa bodaboda mwezi wa Machi, jua la Changamwe likiipiga tangu asubuhi. Ongeza unyevu na chumvi ya bahari kwenye tundu la chaji. Simu hiyo itachoka mapema, ndiyo, lakini kilichochoka ni kiungo kimoja. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochakaa ili zisizimike ghafla. Kelele zikawa nyingi, kampuni ikaomba radhi, ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Watu waliobadilisha betri wakaona simu yao “iliyozeeka” imerudi kukimbia. Mwaka wa 2020 kampuni hiyo ilikubali kulipa hadi dola milioni 500 kumaliza kesi iliyotokana na jambo hilo kule Marekani.

Kwa msemaji huyu, mwamuzi ni fundi. Mazungumzo yenyewe huwa mafupi:

“Fundi, hebu niangalizie. Imekuwa nzito, nataka niiuze ninunue nyingine.”

“Kakangu, hii ni betri tu. Na hizi video zote za magrupu umeweka za nini?”

Hapo pana uhakiki wa sentensi mbili unaoshinda video ya dakika ishirini. Fundi ndiye mhakiki pekee anayeifungua simu ikiwa na miaka mitano, na anajua ni aina gani hurudi kwake kila mwezi na ni aina gani haina vipuri. Laptopu nayo ni hivyohivyo. Ile inayowaka kwa dakika saba mara nyingi bado ina diski ya zamani inayozunguka. Ikiwekewa SSD na kuongezwa RAM, kama nafasi ipo, inakuwa mashine nyingine. Ulaya wameanza kuyaweka haya katika sheria: tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingia sokoni katika Umoja wa Ulaya lazima ziwe na vipuri na masasisho kwa miaka kadhaa baada ya kuacha kuuzwa. Kwetu kazi hiyo bado iko mikononi mwa fundi mwenye bisibisi ndogo na taa ya mezani.

Msemaji wa pili ni programu, na huyu hafai kupuuzwa. Simu isiyopata tena masasisho ya usalama ni mlango wenye kufuli ambalo wezi wameshachonga funguo zake. Kama unaitumia kwa picha na redio, si neno. Kama ndani yake kuna programu ya benki, au kazi yako ni ya kuendesha gari kwa programu na simu ndiyo inayokuletea abiria, basi hesabu inabadilika: hapo kununua nyingine si anasa. Tofauti hii ndiyo video hazitaji. M-Pesa, tangu ilipoanza mwaka wa 2007, inafanya kazi kwenye kabambe kupitia menyu ya laini. Kwa hivyo pesa peke yake haikudai simu kubwa. Kinachodai ni kazi fulani, na kila mtu anaijua yake.

Kwa upande wa laptopu, hukumu ya Microsoft imeacha mlango wazi kidogo. Windows 11 inakataa rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka wa 2018 au karibu na hapo. Lakini mashine hizo zinaweza kuwekewa Linux Mint au Ubuntu, zote za bure, na mwanafunzi anayeandika kazi za chuo na kufungua tovuti hatapungukiwa na mengi. Na hapa pana kichekesho. Laptopu nyingi tunazonunua kwa furaha mjini, zile za mtumba zinazoitwa ex-UK, ni zile ambazo ofisi za ng'ambo zilizitoa kwa sababu wao wameshapandisha daraja. Kipya chetu ni kizee chao. Kwa hivyo kabla hujalipa, muulize muuzaji prosesa ni ya kizazi cha ngapi. Kama ni Intel ya chini ya kizazi cha nane, elewa kwamba unanunua kitu ambacho Microsoft imeshakistaafisha, na bei ishuke ipasavyo.

Msemaji wa tatu ni macho ya watu. Huyu ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote na hoja ndogo kuliko zote. Simu yenye ufa ukiitoa kwenye matatu unaificha kiganjani. Kwenye harusi unangoja wenye simu nzuri wapige, wakutumie. Sitaki kuidharau aibu hii, kwa sababu mjini mtu anapimwa kwa alichoshika, na wengine wamewahi kukosa mteja kwa sababu hiyo. Lakini aibu haina lengo la mwisho. Ukiilipa mwaka huu, mwakani inarudi na bei mpya. Matangazo yote ya simu yanazungumza na msemaji huyu, na hakiki nyingi humsaidia bila kujua.

Ndipo linapokuja suala la kulipa kidogo kidogo. Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, ambapo mtu aliweza kuchukua simu ya 4G na kuilipia shilingi 20 kwa siku. Kampuni nyingine, kama M-KOPA, nazo zinauza simu kwa malipo ya kila siku. Tuwe wakweli: mpango huu umewapa simu watu ambao wasingeweza kamwe kutoa maelfu kwa mkupuo, na kwa mama mboga anayepokea oda kwa WhatsApp hilo si dogo. Lakini shilingi 20 kwa siku ni shilingi 7,300 kwa mwaka, na usipolipa, simu hujifunga. Iko mkononi mwako, ufunguo uko kwingine. Uhakiki wa haki ungeweka jambo hilo juu, kabla ya kamera. Neno “mdogo mdogo” limeandikwa kwa ustadi mkubwa: linakufanya uione siku, usiuone mwaka.

Changamwe imewahi kuulizwa swali hili kwa kiwango ambacho hakuna simu inayoweza kukifikia. Kiwanda cha kusafisha mafuta, jirani ya Magongo, kilifunguliwa mwaka wa 1963. Miongo ilipita, mitambo ikapitwa na wakati. Mwaka wa 2009 kampuni ya Essar ilinunua nusu ya hisa, na mpango ulikuwa kukifanya cha kisasa kwa zaidi ya dola bilioni moja. Mwaka wa 2013 wakapiga hesabu upya, wakasema haitalipa, wakaondoka, na usafishaji ukasimama. Lakini matangi hayakutupwa. Mafuta ghafi ya Turkana yalipoanza kuletwa kwa malori mwaka wa 2018, yalihifadhiwa humo, na Agosti 2019 mapipa kama 240,000 yakapakiwa melini. Uamuzi ule tunaweza kubishana juu yake mpaka kesho, na waliopoteza kazi wana haki ya kubisha zaidi. Lakini namna ya kuuliza ilikuwa sawa: kipi hakifanyi kazi, kipi bado kinafaa, na gharama itarudi kwa njia gani. Hakuna aliyeuliza kama jirani ana kiwanda kinachong'aa zaidi.

Uhakiki wa simu una upofu mwingine: hauangalii kabla ya boksi wala baada yake. Kobalti ya betri nyingi hutoka Kolwezi na vitongoji vyake, kule Kongo, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, na baadhi yao huichimba kwa mikono. Upande wa pili, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka wa 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi. Sisi tuliopita Kibarani miaka yote tukifunga madirisha ya matatu hatuhitaji kuelezwa taka zikikosa pa kwenda zinakaa wapi.

Basi hukumu yangu ni hii. Kama simu au laptopu yako inasumbua, msikilize fundi kwanza. Futa video za magrupu, badilisha betri, ongeza SSD. Kisha angalia kama programu unayoitegemea kwa riziki bado inaikubali. Ikiikataa, nunua, na nunua ile iliyoahidiwa masasisho ya miaka mingi hata kama kamera yake ni ya kawaida. Na kama sababu iliyobaki ni macho ya watu, ngoja miezi sita uone kama bado unaitaka.

Kwa wahakiki wetu, nina ombi. Niandikieni uhakiki wa simu ya mwaka wa tano. Semeni ilibadilishwa nini, kwa bei gani, inakataa nini na bado inaweza nini, na joto la Mombasa limeifanyaje. Wasomaji wa uhakiki huo wako tele kuanzia Magongo mpaka Likoni, na wengi wao wanausubiri wakiwa na ufa kwenye kioo.