Kongamano na Kamukunji: Nani Mhakiki?

Kongamano la Makerere la Juni 1962 liliwaita waandishi wa Kiafrika walioandika kwa Kiingereza. Kwa kigezo hicho, mtunzi wa hadhi ya Shaaban Robert hakuwa na nafasi. Mwaka 1968, katika kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai fasihi ya Afrika, ikiwemo fasihi simulizi, iwe kitovu cha ufundishaji. Kitovu kilihama, ukumbi haukuhama. Wakazi wa Kibera na Kawangware bado huingia katika makongamano yetu kama data ya Sheng, si kama wasemaji wenye hoja. Ilhali wao wanayo kamukunji, mkutano wa hadhara uliopata jina kutokana na uwanja wa Nairobi. Ni kweli kwamba wanasiasa huiteka mara kwa mara. Hata hivyo, humo msemaji hupingwa papo hapo, na hadhira hushiriki kuijenga hoja. Sifa hiyo ya uhakiki hudhoofika ukumbini, ambako mada husomwa na maswali hutengewa dakika chache. Kwa hiyo, kuwaalika wakazi hao hakutoshi. Mada na zisomwe kwao, kwa lugha wanayoweza kuzipinga.