CT safi, pumzi fupi: zenoni ilivyotumika kuchungulia mapafu

Mtu aliugua UVIKO-19, hakulazwa, akapona. Miezi kadhaa baadaye akipanda ngazi anahema, na CT ya kifua (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) inarudi safi. Wapo walioambiwa ni wasiwasi tu. Watafiti wa Oxford na Sheffield, Uingereza, akiwemo profesa wa radiolojia Fergus Gleeson, waliamua kupima kitu kingine.

CT huonyesha umbo la pafu: makovu, weupe wa nimonia, mirija iliyotanuka. Haionyeshi kama oksijeni inavuka kutoka vifuko vya hewa hadi damuni. MRI ya kawaida (picha zinazopigwa kwa sumaku) nayo husoma hidrojeni iliyomo kwenye maji, na pafu limejaa hewa, hivyo pichani hubaki jeusi.

Kwa hiyo watafiti hao wakatumia gesi ya zenoni-129. Kwanza viini vya atomi zake huelekezwa upande mmoja kwa leza na mvuke wa rubidi, na ishara yake ndani ya MRI huongezeka nguvu maelfu ya mara. Mgonjwa huivuta mara moja na kubana pumzi kwa sekunde chache.

Utamu wa mbinu hii uko kwenye kuyeyuka kwa zenoni katika utando na damu. Zenoni hupita njia ileile ya oksijeni: hupenya utando wa kifuko, kisha huingia seli nyekundu za damu, na kila inapofika, masafa ya ishara yake hubadilika. Mashine huweza basi kutofautisha iliyo kwenye utando na iliyofika damuni. Uwiano wa zenoni ya damuni kwa ile ya utandoni ukishuka, ama utando umenenepa, ama damu haipiti ya kutosha.

Mwaka 2021 walichapisha matokeo ya waliowahi kulazwa. Mwaka 2022 wakafuatisha utafiti wa watu 36, wakiwemo 11 ambao hawakulazwa lakini walibaki wakihema, CT zao zikiwa safi au karibu safi. Wastani wa uwiano wa hao 11 ulikuwa chini kuliko wa watu wenye afya.

Nisiwapambe kupita kiasi. Watu 36 ni wachache, hakuna picha zilizopigwa kabla hawajaugua, na uwiano mdogo hauthibitishi kuwa ndiyo chanzo cha kuhema; moyo na misuli navyo huweza kuhusika. Lakini hoja moja imesimama. Daktari anayesoma CT ya mgonjwa wa namna hii aandike kwamba haikuonyesha kasoro. Akiandika "mapafu ni mazima", anasema zaidi ya alichopima.